Mpangaji ndani ya mashine

Jarida letu limezoea kupokea makala juu ya methali, riwaya, majina ya watoto na lugha ya sokoni. Leo naomba wasomaji wanivumilie, kwa maana nitasema juu ya kompyuta. Mashine hiyo karibu iniharibie memwari yangu, kazi ya kumaliza masomo. Kilichoniokoa ni jambo dogo, halikuhitaji fedha, na hatukulisoma katika darasa lolote. Nadhani kuna wenzangu ambao wamesimama mahali nilipokuwa nimesimama mimi, wakarudi nyumbani wakisema: haiwezekani, sina ruhusa.

Kazi yangu ni juu ya toni za Kilokele. Mwanafunzi wa isimu hapa Kisangani hukutana mapema na neno lisaka. Kwa herufi ni neno moja. Likitamkwa kwa toni tatu mbalimbali linakuwa maneno matatu: dimbwi la maji, ahadi, na sumu. John Carrington, mmisionari Mbaptisti aliyefanya kazi Yakusu karibu na mji wetu, alilitumia neno hilo kueleza jinsi gogo la Walokele linavyosema, na kitabu chake juu ya ngoma zinazosema kilitoka mwaka 1949. Gogo halina irabu wala konsonanti. Lina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, kwa sababu midomo yake miwili imechongwa kwa unene tofauti. Kwa sauti mbili, neno la silabi mbili linaweza kupigwa kwa njia nne tu, na neno la silabi tatu kwa njia nane. Maneno ni mengi, njia ni chache. Ndiyo maana mpigaji hasemi "mwezi" peke yake, bali husema maneno mengi pamoja: mwezi unaotazama chini duniani.

Mimi nilitaka kujua jambo moja la wazi: katika maneno anayoyasema koko yangu, ni mangapi yanagongana hivyo? Maneno gani yanaimbwa sawasawa, na gogo lingeyatenganishaje?

Koko anakaa Yanonge. Kwa likizo mbili nilishuka mto kwa balenyeri, na simu yangu ikiwa imefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Asubuhi alikuwa anapika, jioni alikuwa anasema. Nilimwuliza neno, akalisema mara tatu, nikaandika. Tulifikia maneno 1,412. Mwaka uliofuata masikio yake yalianza kuchoka. Sasa ukimwuliza neno, anajibu neno lingine alilodhani amelisikia. Naandika hivyo ili msomaji ajue kwamba maneno hayo hayawezi kukusanywa tena kama yalivyokusanywa. Kila simu ninayompigia, swali lake ni lilelile: "Maneno yangu yamefika kwa wakubwa wako?"

Niliyaingiza katika jedwali lenye safu sita: namba, maana ya Kifaransa, maana ya Kiswahili, neno bila alama za toni, neno lenye alama za toni, na namba ya rekodi. Toni ya juu niliiwekea alama juu ya irabu. Toni ya chini niliiacha bila alama, kama wanavyofanya wengi. Mkurugenzi wa kazi yangu akanipa programu ambayo asistanti mmoja wa zamani alikuwa ameiandika kwa lugha ya Perl kabla hajaenda kufanya udaktari. Programu hiyo inasoma jedwali lililohifadhiwa kama CSV, yaani faili ya maandishi ambamo safu zinatengwa kwa mikato. Inachukua neno lenye toni, inatenga alama na irabu yake, inatupa herufi zote, na inabakiza wimbo tu: chini-juu-chini, juu-juu, na kadhalika. Kisha inapanga maneno kwa nyimbo zao.

Kutenga alama na irabu si mchezo kama inavyoonekana. Herufi á inaweza kuandikwa ndani ya kompyuta kwa njia mbili: kama herufi moja iliyokamilika, au kama a ikifuatwa na alama inayokaa juu yake. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa mashine ni vitu viwili. Na herufi ɛ yenye alama ya toni, ambayo katika Kilokele ni ya kila siku, haina umbo la herufi moja. Lazima ziwe mbili. Anayehesabu herufi bila kujua hilo atahesabu vibaya. Perl inalijua: ina moduli iitwayo Unicode::Normalize, inayokuja pamoja nayo, na kazi yake ni kulazimisha maandishi yote yafuate njia moja.

Hapa nitoke nje ya njia kidogo, kwa sababu jambo hili lilinifurahisha siku za taabu. Larry Wall, aliyeitoa Perl mwaka 1987, alisomea isimu. Yeye na mke wake walikuwa na nia ya kutafuta lugha isiyoandikwa, labda hapa Afrika, na kuitengenezea maandishi. Afya ikamzuia, akabaki kwao Marekani, akaingia katika kompyuta. Kwa hiyo programu iliyokuwa inanisumbua ilitengenezwa na mtu ambaye karibu awe mwenzetu wa kazi. Nilipoambiwa hivyo nilijisikia nina haki ndogo ya kumdai.

Sasa turudi maabarani. Kompyuta yetu ya maabara ni moja kubwa, na sisi tunaingia ndani yake kutoka katika meza kumi. Kila mwanafunzi ana jina lake, neno lake la siri, na folda yake. Niliweka programu na jedwali ndani ya folda yangu, nikatoa amri. Jibu likaja kwa mstari mmoja mrefu: haikuweza kuipata Text/CSV.pm ndani ya @INC, na baada ya hapo orodha ya folda tano au sita ambazo sikuwahi kuziona. Yule asistanti alikuwa ameitumia moduli ya Text::CSV kusoma faili, na mashine yetu haikuwa nayo.

Nilijaribu kuiingiza. Nilipata faili ya moduli, nikafuata maelezo yake hadi amri ya mwisho, na mashine ikanijibu kwamba sina ruhusa ya kuandika mahali hapo. Nikaenda kwa papa anayeangalia maabara.

"Jambo, papa."

"Jambo, mwana. Unasemaje?"

"Naomba neno la siri la msimamizi wa mashine. Dakika tano tu. Nataka kuingiza kitu kimoja."

Alicheka bila kuondoa macho kwenye redio aliyokuwa anaifungua. "Dakika tano. Mwaka juzi kijana mmoja aliniomba dakika tano kama wewe. Alibadilisha kitu kimoja, na programu ya orodha ya vitabu ikakataa kufunguka. Wiki mbili tulitafuta vitabu kwa daftari. Wewe ni mpangaji, mwana. Mpangaji hapewi nyundo ya kubomoa ukuta."

"Lakini papa, kazi yangu..."

"Nimekwambia huwezi kubomoa ukuta. Nani alikukataza kuingiza jiko lako chumbani mwako?"

Nilitoka nikiwa na hasira. Nilidhani amenipa methali badala ya msaada, kama wazee wanavyofanya wakichoka na vijana. Sikuuliza jiko ni nini na chumba ni kipi. Kosa la kwanza lilikuwa hilo, na lilikuwa langu.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Nilijiambia: kama moduli inasoma tu faili yenye mikato, mimi mwenyewe sishindwi. Nikafuta mstari wa moduli, nikaweka amri ya kukata kila mstari mahali penye mkato. Programu ikaenda bila kulalamika, ikatoa jedwali safi la nyimbo zote. Nililichapisha, nikaliweka katika sura ya tatu, nikampelekea mkurugenzi.

Baada ya siku nne aliniita. Alikuwa ameweka kidole kwenye ukurasa wenye maneno ya toni ya chini tupu.

"Wewe unatoka kwa Walokele?"

"Ndiyo, Profesa. Kwa upande wa mama."

"Basi nieleze. Kwa nini koko yako anatoa ahadi na sumu kwa sauti moja?"

Nilitazama. Lisaka tatu zilikuwa zimepangwa moja chini ya nyingine, zote chini-chini-chini. Nilishikwa na aibu ambayo siwezi kuieleza. Mfano ambao kila mwanafunzi wa toni katika mji huu anaujua, mimi mjukuu wa Mlokele ndiye niliyeufuta.

Ilinichukua usiku mmoja kuona kilichotokea. Katika safu ya Kifaransa, maana nyingi zilikuwa na mkato ndani yake. Ahadi niliiandika "promesse, serment". Sumu, "poison, venin". Dimbwi, "mare, flaque". Faili ya CSV inafunga maana kama hizo ndani ya alama za kunukuu ili msomaji ajue kwamba mkato wa ndani si mpaka wa safu. Amri yangu haikujua alama hizo. Ilikata kila mkato, kwa hiyo kila kitu kilichofuata kikasogea hatua moja. Programu ilipofika kwenye safu ya neno lenye toni, ikakuta pale neno bila toni. Na kwa kuwa neno lisilo na alama maana yake ni toni ya chini, ikaandika: chini, chini, chini. Haikuwa na sababu ya kulalamika. Kila neno la koko lililokuwa na maana mbili katika Kifaransa lilikuwa limeondolewa wimbo wake, kimya.

Nimefikiri sana juu ya kimya hicho. Lile jibu refu la kwanza, lililosema moduli haipatikani, liliniudhi, lakini lilikuwa la kweli. Jedwali safi lilinifurahisha, na lilikuwa uongo.

Nilijaribu njia nyingine mbili kabla ya kukubali. Kwanza nilihifadhi jedwali kwa nukta-mkato badala ya mkato, kama Excel ya Kifaransa inavyofanya yenyewe. Lakini mimi mtoto wa kamusi za Kifaransa nilikuwa nimetumia nukta-mkato pia, kutenga maana kubwa na maana kubwa. Kisha nikakuta kwamba Perl ina moduli yake ya tangu mwanzo, Text::ParseWords, inayoelewa alama za kunukuu. Nikaishangilia kwa saa moja. Tatizo ni kwamba moduli hiyo inahesabu apostrofu pia kuwa alama ya kunukuu. Kifaransa bila apostrofu hakipo: kila mstari wenye "l'eau" au "d'un arbre" ulirudi mtupu. Ndipo nilipoelewa kwa nini yule asistanti hakuandika msomaji wake mwenyewe. Alikuwa amechagua kazi ya watu waliokwisha kuona mitego yote hiyo kabla yake.

Siku iliyofuata umeme ulikatika tangu asubuhi. Maabara ilikuwa na giza, na papa alikuwa amekaa mlangoni na redio yake. Nilikaa karibu naye, na safari hii niliuliza vizuri.

"Papa, lile jiko ni nini?"

Akaniuliza: "Ile folda yako, nani anaweza kuandika ndani yake?"

"Mimi."

"Nani mwingine?"

"Hakuna. Labda wewe."

"Basi chumba ndicho hicho. Moduli ni faili tu. Kwa nini unataka kuziweka sebuleni kwangu?"

Wasomaji wengi wa jarida hili hawajawahi kufikiri jambo hilo, na mimi sikuwa nimelifikiri. Nilidhani kuingiza programu ni tendo la mwenye mamlaka, kama kutia sahihi. Kumbe Perl inapohitaji moduli inafanya kazi ya mtu anayetafuta kitabu: ina orodha ya rafu, inatazama moja baada ya nyingine, na ikikosa katika zote inakwambia. Orodha hiyo ndiyo @INC. Rafu zilizotajwa katika lile jibu refu zote zilikuwa za msimamizi. Hakuna sheria inayokataza kuongeza rafu yangu katika orodha. Lazima nifanye mambo mawili tu: niseme moduli iwekwe kwangu, na niiambie Perl itafute kwangu pia.

Kwa wale watakaotaka kufanya, nayaandika kama nilivyoyafanya. Maabara siku hizo haikuwa na intaneti, kwa hiyo nilikwenda siber mjini nikachukua moduli kutoka CPAN, hazina ya moduli za Perl ambayo iko wazi kwa watu wote tangu mwaka 1995. Text::CSV ni faili ndogo, haifiki megabaiti moja, na haihitaji moduli nyingine nje ya zile zinazokuja na Perl. Hilo ni la kuangalia kabla ya kulipa na kutoka siber, kwa sababu moduli nyingine zinataka moduli, nazo zinataka nyingine, na utarudi kwa toleka mara tano. Niliibeba kwenye flashi, nikaifungua ndani ya folda yangu, nikaingia ndani yake na kuandika:

perl Makefile.PL INSTALL_BASE=$HOME/perl5

make

make test

make install

Neno la maana hapo ni INSTALL_BASE. Mara ya kwanza sikuliweka, ndiyo maana mashine ilijaribu kuandika sebuleni kwa papa na kunikatalia. Nilipoliweka, kila kitu kilikwenda ndani ya folda ya perl5 iliyo chini ya jina langu. Make test usiiruke hata kama una haraka. Moduli inajijaribu yenyewe juu ya mashine yako, na kama kuna kitu kinachokosekana afadhali ukijue hapo kuliko mbele ya mkurugenzi wako.

Nikaiendesha programu. Jibu likaja lilelile: Text/CSV.pm haipatikani. Nilikaribia kulia. Papa alipita nyuma yangu, akatazama, akasema, "Umenunua jiko, hujamwambia mpishi liko wapi." Nilikuwa nimefanya jambo la kwanza nikasahau la pili. Mstari uliokosekana ni huu:

export PERL5LIB=$HOME/perl5/lib/perl5

Tazama mwisho wake: moduli hazikai katika perl5 moja kwa moja, zinakaa katika lib/perl5 iliyo ndani yake. Mstari huo ukiuandika kwa mkono, unakufa ukitoka. Ukiuweka ndani ya faili ya .bashrc iliyo katika folda yako, unasomwa kila unapofungua dirisha jipya la amri. Ili kuhakikisha, nilijifunza amri hii:

perl -MText::CSV -e 1

Kama moduli inaonekana, mashine haisemi kitu. Kimya cha amri hii ni kizuri, kwa sababu imeulizwa swali moja tu na hakuna safu inayoweza kusogea.

Kuna mambo mengine niliyoyajua baadaye, nayataja kwa kifupi. Nilijaribu pia Text::CSV_XS, ndugu yake mwenye mbio zaidi, lakini sehemu yake imeandikwa kwa lugha ya C na mashine yetu haina programu ya kuigeuza C. Nikaiacha. Kwa mistari 1,412, mbio si kitu. Ukiwa na intaneti, kazi yote hii inakuwa nyepesi: kuna cpanm, ambayo inakutafutia moduli pamoja na zote inazozihitaji, na ikiona huna ruhusa ya kuandika kwenye folda za mashine inaziweka yenyewe katika perl5 yako. Kuna pia local::lib, inayokuandikia mistari ya .bashrc ili usikosee kama mimi. Na siku papa atakapobadilisha Perl ya mashine, moduli zilizoandikwa kwa Perl tupu kwa kawaida zitaendelea, lakini zile zenye C ndani yake itabidi ziundwe upya.

Jambo moja liliniaibisha tena kidogo. Mkurugenzi alipojaribu programu kwa jina lake mwenyewe, ilikataa. PERL5LIB ni yangu, haiko katika chumba chake. Nilimfungulia folda ya moduli ili aweze kuisoma, na juu kabisa ya programu nikaandika use lib pamoja na anwani kamili ya folda. Sasa anayeifungua haulizwi yeye ni nani.

Nilirudisha mstari wa yule asistanti mahali pake, nikaendesha upya. Lisaka ya kwanza ilikwenda katika ukurasa wake, ya pili katika wake, ya tatu katika wake. Maneno mengi mengine yalihama pamoja nazo. Ukurasa wa toni ya chini tupu, ambao ulikuwa mnene kama daftari la deni, ulipungua. Sura ya tatu niliiandika yote upya, kwa sababu nilikuwa nimeshajenga maelezo mazuri sana juu ya wingi wa toni ya chini katika Kilokele. Maelezo yalikuwa yanasomeka vizuri, lakini yalikuwa juu ya mikato ya Kifaransa.

Wenzangu wa kitivo, kuna jambo la mwisho ambalo linanikaa moyoni. Katiba yetu inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, pamoja na Kifaransa ambacho ni lugha rasmi. Kilokele hakimo, kama lugha nyingine nyingi za nchi hii. Tumezoea kusema kwamba hatuwezi kuzifanyia kitu mpaka mwenye ufunguo afungue: wizara, mfadhili, chuo cha Ulaya. Sisemi ufunguo hauna kazi. Maabara yenye umeme ni bora kuliko isiyo na umeme, na papa akipata fedha za kununua mashine mpya nitakuwa wa kwanza kubeba masanduku. Nasema tu kwamba kwa miezi miwili nilikuwa nasubiri ruhusa ambayo sikuihitaji, na katika kusubiri nikatengeneza njia ya mkato ambayo karibu ifute maneno ya mtu aliyeniamini.

Nilipomaliza, nilimpigia koko. Mjomba alimwekea simu kwenye sikio lake zuri, nikaanza kumsomea ukurasa mmoja, polepole, kwa sauti kubwa mpaka jirani zangu wakagonga ukuta. Alikuwa anasema "ee" baada ya kila neno. Katikati akanikatiza.

"Hilo siyo. Umelisema kama mtoto wa mjini."

Nilirudia. Akakataa tena, akalisema mwenyewe mara tatu, kama zamani. Nilifungua jedwali: alama ilikuwa juu ya silabi ya kwanza, na yeye alikuwa ameipandisha ya pili. Nilisikiliza rekodi ya kwanza. Yeye ndiye mwenye haki, mimi ndiye niliyeandika vibaya siku ile Yanonge. Moduli ilikuwa imesoma vizuri kosa langu.

Nilisahihisha safu ya tano, nikaendesha programu tena, ikachukua muda mfupi kuliko kulitamka neno. Kesho yake nilimwomba mjomba aniwekee saa moja kila Jumamosi. Tumebakiza kurasa kumi na saba.